Ubaguzi Uliopita Kwenye Kikao

Tangu chama cha AfD kipate asilimia 20.8 ya kura katika uchaguzi wa Bunge la Ujerumani wa Februari 2025 na kuwa cha pili kwa ukubwa nchini humo, semina za kuwaandaa watu wetu wanaokwenda kutumika Ulaya zimezua ubishi. Vijana wa kujitolea wa mwaka mmoja, wachungaji wa kubadilishana, mapadri wanaokwenda kuongoza parokia zilizokosa mapadri, masista wa hospitali na nyumba za wazee, wote hupitia semina za namna hiyo kabla ya kupanda ndege. Kipindi cha ubaguzi wa rangi, ambacho zamani kilibanwa kati ya somo la bima na somo la nguo za baridi, sasa kinadai muda wake. Mzazi anauliza kuna haja gani ya kumpeleka binti yake mahali ambapo mpiga kura mmoja kati ya watano amechagua chama kinachotaka wageni warudishwe makwao. Mzee wa kanisa anamjibu kwamba injili haingoji siasa zitulie: mtoto aende, aombewe, na kipindi hicho kifutwe kwa sababu kinapanda hofu.

Nawaelewa wote wawili, lakini wanakosea mahali pamoja. Kwao ubaguzi ni kama hali ya hewa ya nchi ya watu: ama unaikimbia, ama unavaa koti na kuvumilia. Historia ya kanisa haisemi hivyo. Ubaguzi wa rangi ulioliumiza kanisa kwa kina haukutoka barabarani wala kwenye basi. Ulitoka kwenye kikao chenye mwenyekiti, sala ya kufungulia, ajenda, hoja, kura na muhtasari uliotiwa saini. Pale ulipoondolewa, uliondolewa kwa vikao vya namna hiyohiyo. Kama ni hivyo, somo hili halimhusu tu anayetumwa, ajue namna ya kujikinga. Linaihusu zaidi kamati inayomtuma na usharika unaompokea, na hao ndio ambao hawaonekani darasani.

Tuanze na Afrika Kusini, maana huko karatasi zipo. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Reformed la Wadachi, NGK, ilikutana Cape kujadili jambo linaloonekana dogo: je, Waafrika waliobatizwa washiriki Meza ya Bwana pamoja na Wazungu? Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka wapokewe katika sharika zilizopo. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo jambo hilo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, lingekwamisha kazi ya Kristo kati ya mataifa, waongofu hao wanaweza kuabudu katika jengo lao peke yao. Hakuna aliyesimama pale kusema mtu mweusi si binadamu. Walitumia lugha ya kichungaji kabisa, ile ya Paulo ya kumhurumia ndugu aliye dhaifu, ila safari hii dhaifu alikuwa mwenye shamba na bunduki. Tena walitaja umisheni kama sababu. Ruhusa ile ya muda ikawa mazoea, mazoea yakazaa kanisa tofauti la watu wa rangi mwaka 1881, na Chama cha National kiliposhinda uchaguzi wa 1948 na kuanza kuandika sheria za apartheid, kilikuta mfano tayari umeshajengwa na wacha Mungu. Kijana wetu anayeambiwa kwamba ubaguzi ni tabia mbaya ya watu wasiookoka ananyimwa ukweli huu, na akikutana na azimio la upole lenye matunda machungu hatalitambua.

Marekani nako hadithi inaanzia kwenye umisheni wenyewe. Wabaptisti wa kusini walijitenga na wenzao wa kaskazini mwaka 1845, wakakutana Augusta, Georgia, na kuunda umoja wao wa Southern Baptist Convention. Swali lililowagawa lilikuwa kama mtu anayemiliki watumwa anaweza kuteuliwa kuwa mmisionari. Iliwachukua miaka 150, hadi 1995, kupitisha azimio la kuomba radhi. Katikati ya muda huo, kanisa jingine la kusini, la Wapresbiteri, liliombwa na kijana mmoja mweusi wa Virginia, William Sheppard, limpeleke Afrika. Bodi ilimzungusha hadi akapatikana Mzungu wa kwenda naye, Samuel Lapsley. Walifika Kongo mwaka 1890 na kufungua kituo cha Luebo, Kasai. Lapsley alifariki 1892. Sheppard, yule ambaye bodi haikumwamini kwenda peke yake, ndiye aliyeingia hadi mji mkuu wa Wakuba, na mwaka 1899 ndiye aliyehesabu mikono 81 iliyokatwa ikikaushwa motoni katika kambi ya watu waliotumwa kukusanya kodi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kampuni ya mpira ya Kasai ilimshitaki kwa kuichafulia jina. Mahakama ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikamwachia huru mwaka 1909. Bodi ya umisheni ilidhani inamwekea msimamizi, kumbe ilikuwa inamchelewesha shahidi.

Kisa cha Sam Oni kinatugusa karibu zaidi, kwa kuwa ni cha Mwafrika aliyefuata mnyororo wa injili hadi ulikoanzia. Oni alikuwa kijana wa Ghana, tunda la kazi ya wamisionari wa Southern Baptist. Mmisionari mmoja, Harris Mobley, alimsaidia kupata nafasi katika chuo chao cha Mercer mjini Macon, Georgia, na mwaka 1963 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Septemba 1966 alikwenda kusali katika kanisa la Tattnall Square, jirani kabisa na mabweni, akazuiwa nje na watu wa kanisa hilo. Usharika uliokuwa ukitoa sadaka kila mwaka ili Mghana amjue Kristo ulimkuta Mghana huyo mlangoni na Biblia yake, ukamfungia njia. Mchungaji Thomas Holmes na wasaidizi wake wawili, waliotaka apokewe, walifukuzwa kazi kwa kura ya washarika. Narudia, kwa kura. Lakini katika mji uleule, kanisa la Vineville lilikuwa limeshampokea Oni kuwa mshirika tangu 1963, nako kwa uamuzi wa washarika. Mji mmoja, dhehebu moja, uamuzi tofauti. Huwezi kueleza tofauti hiyo kwa kusema Wazungu ndivyo walivyo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tukio ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuwa somo la kwanza katika kila semina, na ni wachache wanaolijua. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wajumbe waliamua kwamba kuipinga apartheid ni suala la ungamo la imani, si maoni ya kisiasa ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana na kubaki na amani. Maana yake kanisa linalotenga watu kwa rangi limeharibu imani yenyewe. Mkutano uleule ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka saba baadaye, huko Budapest mwaka 1984, makanisa mawili ya Wazungu yenye asili ya Ujerumani, moja la Afrika Kusini na jingine la Namibia, yalisimamishwa uanachama kwa sababu yalishindwa kuukataa mfumo huo waziwazi. Kwa hiyo Mtanzania anayefungasha mizigo kwenda usharika wa Hamburg au Bavaria haendi kama mtu wa mbali aliyekuja kujifunza habari za ubaguzi kutoka kwa wataalamu wa Ulaya. Anatoka katika mji ambao Walutheri wa dunia walikutana kuutolea hukumu.

Sasa tusikilize wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba haya mambo ni siasa, tena siasa za watu wengine: mabishano ya vyuo vikuu vya Magharibi yanaletwa kwetu yakiwa yamefungwa pamoja na fedha za miradi. Siipuuzi. Kuna wawezeshaji wanaosoma kurasa zilizotafsiriwa, zenye mifano ya Berlin na Chicago, mbele ya watu wa Njombe ambao hawaoni zinawahusu nini. Hata zamani vita hivi viligawa makanisa. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipoanzisha mpango wake wa kupambana na ubaguzi mwaka 1969 na kuanza kutoa misaada kwa harakati za ukombozi, kelele zilikuwa kubwa, na Jeshi la Wokovu likajitoa katika Baraza hilo mwaka 1981. Swali la kama fedha ya sadaka inaweza kumfikia mtu aliyeshika bunduki, hata kama ni ya dawa na chakula, lilikuwa swali halali, na anayelicheka leo hajalifikiria. Ila hoja ya siasa ina kikomo. Anayesema ubaguzi ni siasa na hivyo usizungumzwe kanisani anasahau kwamba uliingia kanisani ukizungumzwa. Sinodi ya 1857 haikukaa kimya. Kimya kinachoombwa sasa kingeacha neno la mwisho likiwa lile lililokwisha kusemwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba damu ya Kristo imekibomoa kiambaza cha kati, hapana Myahudi wala Myunani, basi aliyezaliwa mara ya pili hana haja ya somo hili na hatabaguliwa na waliozaliwa mara ya pili wenzake. Tatizo la kwanza ni kwamba si kweli, na waliomfungia mlango Sam Oni walikuwa wamebatizwa kwa maji mengi. Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la Maandiko. Kanisa la kwanza lilipata malalamiko ya ubaguzi likiwa bado changa. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kujibu kwa Wagalatia 3:28, ingawa ilikuwa bado haijaandikwa. Wangeweza kuwaambia wajane wavumilie, Mungu anaona. Badala yake waliitisha kikao, wakaelekeza wachaguliwe watu saba wa kusimamia meza. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Wenye malalamiko walipewa ghala. Sijawahi kusikia mahubiri ya kuaga wamisionari yakichukua andiko hilo. Tunachukua Mathayo 28 na shavu la pili.

Ipo hoja moja nzito, na nisipoitendea haki nitakuwa nimedanganya. Inasema kumjaza kijana habari za ubaguzi kabla hajafika ni kumvisha miwani ya rangi hiyo. Kondakta wa treni akimkagua tiketi, ni ubaguzi. Jirani asipojibu salamu kwenye ngazi, ni ubaguzi. Kila anayeishi Ujerumani anajua kwamba kuna watu ambao hawamsalimii hata shemeji yao kabla ya saa tatu asubuhi, na kwamba mwenye nyumba atakuandikia barua kuhusu chupa ulizotupa kwenye pipa lisilo lake, uwe Mmeru au Mbavaria. Kijana aliyefundishwa vibaya hurudi nyumbani na orodha ya machungu ambayo nusu yake ni tofauti za adabu. Hili nalikubali. Lakini ukitazama vizuri, ni hoja ya kufundisha somo kwa undani, haitoshi kuwa hoja ya kulifuta. Asiyejua ubaguzi hufanya kazi vipi ndiye anayeukisia kila mahali, au kinyume chake, anamezeshwa tusi halisi na kuambiwa ni utamaduni. Anayejua kwamba ubaguzi mzito hukaa kwenye maamuzi ataacha kumhesabia kondakta na ataanza kuuliza maswali ya maana: nani aliamua kwamba sitahubiri? Malalamiko yangu ya mwezi uliopita yamejibiwa kwa barua au kwa tabasamu?

Swali la kuhubiri nimelitaja makusudi. Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi katika semina moja ya kuaga, na ushauri uliotolewa kuhusu ubaguzi ulikuwa sentensi moja: msichukulie moyoni. Kilichofuata, kwa muda mrefu sana, kilikuwa mazoezi ya nyimbo na ngoma, kwa sababu wenyeji waliomba. Huo ndio ubaguzi ambao mmisionari wetu atakutana nao mara nyingi kuliko matusi ya mlevi wa kituo cha treni. Mchungaji mwenye shahada mbili na miaka 20 ya kuendesha jimbo anafika, anapokelewa kwa upendo wa kweli kabisa, kisha anawekewa jukumu la kuchangamsha sherehe ya usharika ya majira ya joto. Anaombwa aimbe, asimulie habari za umaskini, apigwe picha na watoto. Zamu ya mimbari haimfikii, na halmashauri ya usharika inapokaa kuamua bajeti yeye anaambiwa apumzike, amechoka. Hakuna aliyemchukia. Upande wetu nao tunafanya kitu kinachofanana na hicho kwa kukigeuza: kijana Mzungu wa miaka 19 aliyemaliza sekondari juzi anakalishwa meza kuu karibu na askofu, anapewa kipaza sauti kusalimia, na mwinjilisti mzee aliyejenga usharika ule kwa mikono yake anapisha kiti. Tumewafundisha wenyewe thamani ya nani ni ipi, halafu tunashangaa wakiikumbuka wanaporudi kwao.

Kisa cha Zorneding, karibu na Munich, kinaonyesha tusi na mfumo vikikutana. Padri Olivier Ndjimbi-Tshiende, mzaliwa wa Kongo, alikuwa paroko hapo tangu 2012. Mwaka 2015, wakimbizi walipokuwa wakiingia Ujerumani kwa wingi, kiongozi wa chama tawala cha Bavaria mjini hapo aliandika makala ya kuwashambulia, na paroko akampinga. Naibu wa kiongozi yule akamtaja paroko hadharani kwa neno la dharau la mtu mweusi. Zikafuata barua za kumtishia kumuua. Machi 2016 alitangaza ndani ya Misa kwamba anaondoka. Wengi huku kwetu walipoisikia habari hiyo waliielewa kama ushahidi kwamba Wajerumani hawamtaki padri mweusi. Hawakusikia sehemu ya pili: maelfu ya watu walijipanga barabarani na mishumaa kumuunga mkono, na viongozi wale wa chama walilazimika kuachia nafasi zao. Wala hawakusikia kwamba alishambuliwa baada ya kusema. Alikuwa na amani alipokuwa akibatiza na kuzika. Tatizo lilianza alipotumia mamlaka ya paroko kwenye jambo la mji. Kwa anayejiandaa kwenda, hilo ndilo la kutafakari. Mgeni anayeshukuru ana nafasi pana katika sharika nyingi za Ulaya. Mchungaji anayekosoa hupimwa upya.

Wapo pia wanaotuuliza, na wana haki: nyinyi wenye ukabila mtawafundisha nini watu wengine? Swali hili linauma kwa sababu lina majibu ya aibu. Mwaka 2012 Papa alimteua Peter Okpaleke kuwa askofu wa Ahiara, Nigeria, na sehemu kubwa ya mapadri wa jimbo wakamkataa kwa kuwa si mtu wa Mbaise, eneo la jimbo hilo. Hakuweza kuingia jimboni mwake, akajiuzulu 2018. Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia, kama Ntarama na Nyarubuye, na waliowaua wengine walikuwa washirika wa makanisa hayohayo. Na kwetu, yeyote aliyewahi kukaa karibu na uchaguzi wa askofu au mkuu wa jimbo anajua hesabu zinazopigwa usiku kabla ya kura, nani anatoka wilaya ipi. Hata hivyo sioni jinsi hoja hii inavyolifuta somo. Inalihamisha tu. Semina ianzie hapa, na kamati inayotuma iwe ya kwanza kuulizwa imewapata vipi wale inaowatuma, maana mara nyingine orodha ya wanaokwenda Ulaya inafanana sana na orodha ya ndugu wa viongozi. Aliyeona jinsi kura ya jimboni kwake inavyopindishwa kwa upole, na maombi juu yake, ana uzoefu wa kumsaidia kuielewa sinodi ya Cape.

Upande wa wenyeji nao una darasa lake, na hili tumeliacha kwa adabu iliyozidi. Ujumbe wa umisheni ulioingia Usambara miaka ya 1890, ambao baadaye ulijulikana kama Bethel, ulianzia Berlin mwaka 1886 kwenye chama kilichoundwa na watu wa mzunguko wa Carl Peters, yuleyule wa mikataba ya hila. Uliokolewa na watu wengine wenye moyo mwingine, akiwemo mchungaji Bodelschwingh, ukatuachia shule na hospitali ambazo hakuna mwenye akili anayezikana. Huko Namibia, baada ya mauaji ya Waherero yaliyoanza 1904, wamisionari wa Rhenish waliwakusanya manusura kutoka porini wakidhani wanawaokoa, na wengi waliishia katika kambi za kazi za serikali ya kikoloni. Rais Steinmeier alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji, waumini wengi wa kawaida wa Ujerumani walikuwa wanasikia habari za vita hivyo kwa mara ya kwanza. Mtu wetu anayekwenda kuishi nao anabeba kumbukumbu ambayo wao hawana. Kumwambia anyamaze ili asiwaudhi wenyeji ni kumnyang'anya sehemu ya kazi aliyotumwa, kwa sababu huwezi kumhubiria toba mtu ambaye umekubaliana naye kutotaja jambo lolote.

Anayekwenda Marekani ana mtihani mwingine. Januari 2025 serikali ya huko ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na Wakongo, ambao walikuwa kundi kubwa kuliko yote katika mpango huo mwaka uliotangulia, wakabaki na faili zao, wengine wakiwa Nyarugusu, Kigoma. Mei mwaka huohuo ndege ikatua karibu na Washington na Waafrikana wapatao 59, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makaburu, wamepokewa kama wakimbizi. Kanisa la Episcopal, lililofanya kazi ya kupokea wakimbizi kwa ushirikiano na serikali kwa karibu miaka 40, lilikataa kuwahudumia, likataja msimamo wake juu ya haki kati ya watu wa rangi zote na uhusiano wake na Waanglikana wa Kusini mwa Afrika, na likaamua kuumaliza ushirikiano huo pamoja na fedha zake. Nimesikia watumishi wa huku wakilaani kwamba kanisa limemkataa mgeni kwa rangi yake. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule. Hata mimi najiuliza kama mgeni mmoja mmoja anapaswa kulipia foleni iliyopindwa na serikali. Lakini asiyejua 1857, wala 1948, wala Desmond Tutu alikuwa askofu mkuu wa kanisa gani, hawezi hata kuanza kubishana. Atafika Texas au Minnesota, ataulizwa na mwenyeji wake anaonaje, na atajibu kwa hasira alizookota kwenye simu.

Maaskofu Katoliki wa Ujerumani nao walikaa Februari 2024 wakakubaliana kwa kauli moja kwamba utaifa unaojengwa juu ya damu na asili haupatani na Ukristo, na kwamba chama kinachouhubiri si cha Mkristo kukichagua. Mwaka mmoja baadaye AfD ikapata kura zaidi ya mara mbili ya zile za 2021. Azimio la juu halikushuka hadi kwenye kila benchi, na ni kwenye benchi hizo ndiko mtu wetu atakaa. Ndiyo maana karatasi ya kutazama zaidi ni ile ndogo, mkataba kati ya dayosisi na dayosisi rafiki. Ile niliyowahi kuisoma ina vifungu vya visima, ada za wanafunzi, ripoti za fedha na ziara za kwaya. Sikuona kifungu kinachosema mtumishi aliyetumwa atahubiri mara ngapi, atakaa katika kikao kipi akiwa na kura, na akidhulumiwa atampigia nani ambaye si mwajiri wake wala mwenye nyumba yake. Sikuona kinachomtaka mzee wa usharika unaopokea naye ahudhurie maandalizi.

Na juu ya yote kuna tiketi. Kwa desturi anayepokea ndiye anayelipa nauli, posho, bima na chumba, kwa hiyo malalamiko ya mtu wetu hufika kwenye dayosisi yake yakiwa na sura ya utovu wa shukrani, na kiongozi aliyesubiri gari la dayosisi kutoka kwa marafiki haohao humshauri avumilie hadi mkataba uishe. Ushauri huo si wa kiroho hata kidogo. Ni wa bajeti. Dayosisi zetu zinaweza kuubadilisha kwa fedha ambazo tayari zinajua njia ya kuzipata. Sharika zinazofanya harambee ya spika na kinanda cha kwaya kila mwaka zinaweza kuweka benki nauli ya kumrudisha nyumbani kila mtu zinayemtuma, isiguswe kwa jambo jingine, na ijulikane pande zote mbili kwamba ipo. Wengi hawataitumia. Lakini katibu mkuu anayejua kwamba mtu wake anaweza kuondoka Jumatatu ijayo ataiandika tofauti kabisa barua ya kuulizia kwa nini mchungaji huyo, miezi minane sasa, hajawahi kupewa mimbari.